Mbio za Mama, Siri ya Lujain

Kila alfajiri, baada ya sala, Lujain alikuwa akisikia bomba la jikoni likifunguliwa, kisha geti la chuma likirudishwa polepole ili lisimwamshe mtu. Hapo alijua kwamba mama yake ametoka kwenda kukimbia. Yeye hujifunika tena shuka na kuiba usingizi wa nusu saa, mpaka bibi yake, Bi Khamisa, aanze kugongagonga sufuria ya chai.

Nyumba yao ilikuwa Ibra, Oman, katika mtaa uliotazamana na wadi, lile bonde la mawe ambalo hukaa kavu miezi na miezi, kisha likafurika siku moja mvua ikinyesha milimani. Kando ya wadi palikuwa na njia iliyosakafiwa vizuri. Shukriya, mama yake Lujain, aliikimbia njia hiyo siku tano kwa wiki, amevaa suruali pana na kanzu fupi, na ushungi ameufunga barabara. Alianza mbio alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Nizwa. Hakuacha alipoolewa, wala alipopata kazi ya ukutubi katika chuo kimoja hapo mjini.

Hurudi jua likianza kuchomoza, uso unang'aa kwa jasho, pumzi zimejaa furaha.

"Shikamoo Mama," humwamkia mkwewe.

"Marahaba. Umerudi vitani?" hujibu Bi Khamisa, huku akimsogezea kikombe cha chai ya maziwa.

Bi Khamisa alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa mwanamke mzima na watoto wawili mkononi. Kiswahili chake kilibaki kilekile alichoondoka nacho. Wazazi wa Shukriya walitoka Tabora, na Bi Khamisa alipenda kumtania kwamba watu wa bara wana miguu ya wapagazi. Shukriya hucheka tu. Wawili hao walipendana, ila kila mmoja alikuwa na kichwa chake.

Miaka kumi na miwili nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, Lujain. Kwa hiyo siku Shukriya alipotangaza kwamba ni mja mzito, Bi Khamisa alisujudu palepale ukumbini. Mahrous, baba yake Lujain, ambaye kila siku huenda Sinaw kazini kwa gari, aliegesha gari njiani alipopigiwa simu, akamwomba Shukriya arudie. Lujain mwenyewe alihesabu miezi kwa vidole. Alitaka mdogo wa kike, lakini akasema hata wa kiume hatamrudisha.

Jambo moja tu lilileta ubishi. Shukriya hakuacha kukimbia.

"Mwanangu," Bi Khamisa alimwambia, "sisi Unguja mja mzito alikuwa hata ngazi hapandi ovyo, seuze kukimbia njiani kama anayefukuzwa na mbwa. Kaa kitako. Mtoto huyu tumemngoja muda gani?"

"Nimemuuliza daktari, Mama," alijibu Shukriya. "Amenipima. Amesema mwenye afya njema, aliyezoea mbio tangu zamani, anaweza kuendelea taratibu. Nisikimbie juani. Ninywe maji ya kutosha. Nikikimbia niweze kuzungumza bila kuhema. Nikishindwa kuzungumza, nipunguze. Na nikiona damu, au kizunguzungu, au maumivu, nisimame na niende kwake siku hiyohiyo."

"Daktari huyo ana umri wa wajukuu zangu."

"Lakini amesoma, Mama," alisema Mahrous kwa upole.

Bi Khamisa alitia mkono katika ushanga wa tasbihi yake na hakusema tena. Kunyamaza kwake, hata hivyo, hakukuwa kukubali.

Mwanzoni Lujain aliona fahari. Hakuna mama mwingine mtaani aliyekimbia. Lakini tumbo likakua, likaanza kuonekana chini ya kanzu, na macho ya watu yakaanza kulifuata.

Siku moja mnamo Novemba, wakati wa mapumziko shuleni, Lujain alikuta wasichana wa darasa lake wamekusanyika uani na kucheka. Katikati alikuwa Ghada, jirani yao, ambaye alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Alikuwa ametia mkoba wake ndani ya sare ili afanye tumbo, na alikuwa akikimbia kwa kupepesuka, mkono mmoja kiunoni, ulimi nje.

"Mama anasema kamwona jana kando ya wadi," Ghada alisema. "Anasema mtoto atadondoka njiani, na yeye ataendelea kukimbia asijue!"

Wasichana waliangua kicheko. Mmoja wao akamwona Lujain, akamfinya Ghada. Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama, wakingoja kuona atafanya nini.

Naye Lujain akacheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, ili wasijue kwamba machozi yamemlenga.

Jioni ile alivichukua viatu vya mama yake vya mbio, akapanda navyo juu ya paa, akavificha nyuma ya tangi la maji. Hakuwa na mpango wowote mkubwa. Alitaka tu ipite asubuhi moja bila ya mama yake kuonekana njiani.

Alfajiri alisikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Kisha mlango wa chumba chake ukafunguka kidogo.

"Lujain, mwanangu, hukuviona viatu vyangu?"

"Sikuviona, Mama," alijibu, uso ameugeuzia ukutani.

Alingoja kusikia mama yake akirudi kulala. Badala yake alisikia geti.

Shukriya alirudi mapema kuliko kawaida. Lujain alikuwa ukumbini, akamwona anaingia akichechemea. Suruali ilikuwa imechanika gotini, na damu ilikuwa imetiririka mpaka kwenye kiatu. Miguuni alikuwa na viatu vya zamani, vile ambavyo nyayo zake zilikuwa zimelika zikawa laini kama sahani.

"Nimeteleza kwenye changarawe," alisema Shukriya kwa sauti ya chini. "Ni gotini tu. Niletee pamba, na usimwambie Bibi. Akijua hatanipa raha."

Lujain alileta pamba. Mchana, mama yake alipokuwa kazini, aliviteremsha viatu kutoka juu ya paa na kuvisukuma chini ya kitanda cha wazazi wake. Usiku Shukriya alivigusa kwa mguu, akacheka. "Kumbe vilikuwa hapa! Mimba imenipotezea akili."

Wakati huo Lujain angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno yake. Akalimeza.

Wiki zilipita. Goti lilipona. Shukriya alipoingia mwezi wa saba alipunguza mbio, akawa anatembea mwendo mrefu na kukimbia mfupi. Jioni Lujain hukaa karibu naye kwenye zulia na kuweka kiganja juu ya tumbo. Mtoto alikuwa na tabia ya kupiga teke sala ya magharibi inapotaka kuanza, na Bi Khamisa alidai kwamba anaitikia iqama. Lujain alianza kusahau hofu yake ya siku ile ya goti.

Jumatatu moja ya Januari, alasiri, Shukriya aliingia kutoka kazini na kuketi bila ya kuvua mtandio. Alikunywa glasi ya maji baridi, akalala ubavu wa kushoto, akasikiliza kama mtu anayengoja mlango wa mbali ugongwe.

"Nini, Mama?" aliuliza Lujain.

"Tangu adhuhuri hajacheza."

Hakungoja zaidi. Alimpigia simu Mahrous Sinaw, kisha, kwa sababu Sinaw si karibu, akamwomba jirani ampeleke hospitali mara moja. Mahrous alimfuata hukohuko. Lujain na Bi Khamisa walibaki nyumbani. Jioni ile ilipita, na siku ya pili ikapita, na simu ya Mahrous ilisema tu, "Ombeeni dua."

Jumatano mchana gari liliingia uani. Mahrous alishuka peke yake. Alisimama kando ya mlango wa gari kama mtu aliyesahau nyumba ni ipi.

"Moyo wa mtoto ulikuwa umeshasimama tulipofika," alimwambia mama yake. "Shukriya amejifungua leo alfajiri. Ni mwanamume. Amezaliwa hana uhai. Nimempa jina la Hud."

Bi Khamisa alishika fremu ya mlango. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, halafu akaketi kizingitini.

Hud alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mapajani mwa ami wa Mahrous aliyebaki garini, amefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa mdogo hivi kwamba Lujain alidhani ni nguo tu zilizokunjwa. Bi Khamisa alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, akisoma kwa midomo bila ya kutoa sauti, akamvisha sanda. Kabla ya alasiri wanaume wachache wa familia waliondoka naye kwenda makaburini. Walirudi upesi. Lujain alishangaa kwamba kumzika mtu kunaweza kuchukua muda mfupi vile.

Usiku ule alimsikia bibi yake chumbani. Alikuwa akilia na kusema na ukuta: "Nilisema mimi. Nilisema."

Shukriya alirudi nyumbani kesho yake. Hakulia. Alipokea mikono ya wanawake waliokuja kumpa pole, akasema "Alhamdulillahi" kila alipoulizwa hali, na chakula akakisogeza kando. Maziwa yalimjaa kifuani na mnyonyaji hayupo. Lujain alimwona akijifunga kanga kwa nguvu, meno ameyauma.

Wanawake wengine walikuja kwa huruma ya kweli. Wengine walikuja na ndimi zao. Lujain alipopitisha kahawa na tende aliwasikia wawili wakinong'ona kwenye kona ya sebule. "Mbio zile," mmoja alisema. "Mwanamke mwenye akili angefanya vile?" Shukriya alikuwa hatua tatu kutoka kwao. Alisikia. Hakuinua uso.

Siku ya tano Lujain alimwona mama yake akitoka na mfuko mweusi na kuutupa kwenye jalala la mtaani. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya mbio. Lujain alirudi ndani mbio, akajifungia chooni, akafungua maji ili asisikike.

Kwa maana yeye alikuwa na hesabu yake moyoni. Watu walisema mtoto alikufa kwa mbio. Lakini Lujain alijua jambo wasilolijua. Mama alikimbia miezi yote na mtoto alikuwa salama. Alianguka mara moja tu, na alianguka kwa sababu ya viatu vibovu, na viatu vibovu alivivaa kwa sababu vizuri vilikuwa nyuma ya tangi. Kila alipofumba macho aliona damu ile ikitiririka. Alianza kuacha chakula sahanini. Ghada alipombishia mlango waende kucheza, alimwambia anaumwa.

Wiki ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Bi Khamisa alishindwa kuzuia yaliyomjaa. Aliutazama mkono wa mkwewe, ambao ulikuwa umekamata tonge la wali bila ya kulipeleka mdomoni, akasema, "Ungekaa kitako, mwanangu, leo tungekuwa tunambembeleza."

"Mama!" Mahrous alisema kwa ukali.

"Mwache," alisema Shukriya. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko kilio. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemuua mwanangu."

Aliliweka tonge chini, akanawa, akaenda kulala. Lujain alibaki ameketi. Alitazama uso wa baba yake, kisha wa bibi yake. Alisema moyoni: sasa, sema sasa. Hakusema. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijichukia.

Siku mbili baadaye ilikuwa miadi ya Shukriya kwa Daktari Aseel, yuleyule aliyempima tangu mwanzo. Mahrous aliwapeleka kwa gari. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Lujain alikwenda pia. Bi Khamisa naye alikwenda, kwa sababu, alisema, anataka kusikia kwa masikio yake. Walikaa wote kwenye chumba kidogo chenye harufu ya dawa ya kusafishia. Daktari Aseel alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Wazee wake nao walitoka Afrika, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kimechanganyika na Kiarabu, lakini kwa ajili ya Bi Khamisa alijitahidi.

Alimpima Shukriya, akamwuliza kuhusu usingizi na chakula. Kisha Shukriya akamkamata mkono.

"Daktari, niambie kweli. Usinionee huruma. Ni mbio?"

Daktari alifungua kinywa kujibu, lakini sauti nyingine ilimtangulia.

"Si mbio!" Lujain alikuwa amesimama. "Si mbio, Mama, ni mimi! Nilivificha viatu vyako. Walikuwa wanakucheka shuleni, na mimi nilicheka pamoja nao. Nilivificha juu ya paa, ukavaa vile vibovu, ukaanguka. Ukaniuliza, nikakudanganya. Ni mimi niliyemuua Hud!"

Bi Khamisa alimgeukia Shukriya. "Ulianguka?"

"Nilianguka, Mama. Mwezi wa kumi na moja. Nilikuficha." Shukriya alikuwa akimtazama binti yake kana kwamba hajamwona kwa wiki mbili, na labda kweli alikuwa hajamwona. "Njoo, Lujain. Njoo hapa."

Lujain hakuweza kusogea. Daktari Aseel ndiye aliyeinuka, akamshika bega, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Sikiliza, habibti. Nyote sikilizeni," alisema. "Siku ile mama yako alipoanguka, alitoka kazini mchana akaja kwangu na baba yako. Nilimpima. Mtoto alikuwa mzima, moyo unapiga vizuri, anarusha miguu. Nikampima tena wiki ya pili, na ya nne. Mzima. Kuanguka kule hakukumdhuru."

"Basi nini kilimuua?" aliuliza Lujain kwa sauti iliyokatika.

Daktari alichukua uzi wa bandeji mezani. "Mtoto akiwa tumboni analishwa kwa mrija unaotoka kwenye kitovu chake. Kwa mrija ule anapata chakula na hewa. Wa Hud ulikuwa na fundo." Akaufunga uzi fundo moja, akauvuta. "Watoto wanacheza tumboni, wanajigeuza, na mara chache sana mmoja anapita ndani ya mrija wake mwenyewe na fundo linatokea. Mara nyingi halikazi, na mtoto anazaliwa salama. Hili lilikaza. Mimi nililiona kwa macho yangu. Mbio hazikulifunga. Viatu havikulifunga. Hata kama mama yako angelala kitandani miezi tisa, lingeweza kutokea."

"Mbona hukutwambia?" aliuliza Mahrous.

"Nilikwambia siku ile, lakini naona hukusikia. Mtu akiwa katika hali ile hasikii. Ilinipasa nirudie. Nisameheni."

Mahrous aliinamisha kichwa. Shukriya aliufunika uso kwa viganja viwili, na mara akaanza kulia. Kilikuwa kilio kilichozuiwa siku nyingi, kikubwa, cha mwili mzima. Lujain alimwendea, akapiga magoti, akakiweka kichwa mapajani mwake.

Shukriya alipoweza kusema, aliuinua uso wa binti yake. "Ulificha viatu vyangu na ukanidanganya. Hilo ni kosa, na ni lako. Goti langu liliumia kwa sababu yake. Nimekusamehe. Lakini kifo cha Hud si chako. Usibebe mzigo usiokuwa wako, mwanangu. Na mimi nilikosea kukufundisha kumficha Bibi. Ningelisema kwamba nimeanguka na nimepimwa, nawe ungelijua, usingelala na jinamizi hili."

Sasa Bi Khamisa alisogea mbele kwenye kiti, tasbihi imebanwa ngumini.

"Daktari," alisema. "Nataka kukuuliza na mimi."

"Uliza, Bibi."

"Mimi nilizaa mwengine kabla ya Mahrous. Kule kwetu, Unguja. Mtoto wa kike. Alitoka kama huyu, kimya. Maji yalikuwa yamekatika mtaani, na mimi nilikuwa nikibeba ndoo kutoka bomba la mbali. Mama mkwe wangu akasema ni ndoo. Watu wote wakasema ni ndoo." Alimeza mate. "Miaka hamsini na zaidi. Ilikuwa ndoo?"

Mahrous alimtazama mama yake kwa mshangao. Hajapata kusikia habari za dada huyo.

Daktari Aseel alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaonana uso kwa uso na yule bibi. "Sikumwona, Bibi, na siwezi kukudanganya kwamba najua kilichomuua. Hakuna aliyejua siku ile, hata mama mkwe wako. Mwenye mimba hafai kubebeshwa mizigo mizito, hilo ni kweli. Lakini waliosema ni ndoo walisema wasilolijua. Wanawake wengi duniani wamebeba maji na kuzaa watoto wazima. Wewe hukufanya kosa. Ulikuwa unatafuta maji ya nyumba yako."

Bi Khamisa alitikisa kichwa kukubali mara nyingi, polepole. Machozi yalipita kwenye mikunjo ya mashavu yake na hakuyafuta.

"Nilimwita Zuwena," alisema. "Kwa moyo tu. Hakuna aliyeniuliza jina."

Shukriya aliinuka, akamkumbatia mkwewe. Walikaa hivyo muda mrefu, na daktari hakuwaambia kwamba nje kuna wagonjwa wanaongoja.

Juma lililofuata, siku ya Jumatano, mama yake Ghada alipita akitoka sokoni, na Ghada akiwa nyuma yake amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Walikaribishwa sebuleni. Mama Ghada aliuliza hali, akatoa pole upya, akanywa kikombe cha kwanza. Alipopewa cha pili alipumua na kusema, "Basi ndiyo mipango ya Mola. Ila, tuseme ukweli, na zile mbio nazo..."

Lujain aliganda na dele la kahawa mkononi. Shukriya alitazama zulia.

"Mbio hazikufanya kitu," alisema Bi Khamisa.

Alisema bila ya kupandisha sauti, lakini kila mtu sebuleni aliinua kichwa.

"Nilikuwepo daktari aliposema. Mrija wa kitovu ulijifunga fundo, ukakaza. Mkwe wangu alifanya yote aliyoambiwa, na mtoto alipotulia hakungoja hata jua kutua, alikwenda hospitali. Mimi ndiye niliyemtupia lawama, mimi mtu mzima, bila ya kujua. Nimemwomba radhi. Na anayetaka kuzungumza habari za mbio nyumbani humu, azungumze na mimi kwanza."

Mama Ghada aliweka kikombe chini. Uso ulimwiva. "Nisamehe, Shukriya," alisema. "Nilisema mengi. Na mengine niliyasema mbele ya mtoto."

Ghada alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Walipokuwa wanaondoka alibaki nyuma mlangoni, akamwambia Lujain kwa Kiarabu, upesi upesi, kwamba ile siku ya mkoba hakujua kama atamwumiza. Lujain alimjibu kwamba hata yeye alicheka. Kisha Ghada akamkimbilia mama yake.

Lujain alirudi sebuleni kukusanya vikombe. Mama yake alikuwa ameingia chumbani kupumzika. Bi Khamisa alipiga kiganja kwenye zulia kando yake.

"Kaa. Nataka kukwambia jambo, na ulishike, kwa sababu mimi limenichukua umri kulijua." Alimtazama mjukuu wake machoni. "Ulimi hauna mfupa, Lujain, lakini unavunja mfupa. Usilolijua, usiliseme, hata kama mji mzima unalisema. Uliza wanaojua. Na unalolijua, likiwa linakuhusu, lisikae moyoni mwako likakuozea. Liseme mapema, hata kama miguu inakutetemeka. Ungelisema siku ile ya goti, ungelikemewa, ukalia, yakaisha. Umelificha, umelala nalo miezi miwili. Mimi nililala na langu miaka hamsini, halafu nikamtwika mama yako lilelile nililotwikwa mimi. Unanifahamu?"

"Nakufahamu, Bibi."

"Kosa ulilolifanya lipe jina lake, uombe radhi. Ambalo hukulifanya, usilipe jina lako."

Lujain aliinamisha kichwa. Alimfikiria mdogo wake, ambaye alikuwa amemhesabia miezi kwa vidole na hakuwahi kuyaona macho yake, kama yalikuwa ya mama au ya baba.

"Bibi," alisema, "Ijumaa baba akienda makaburini kumsomea Hud, tumwambie amsomee na Zuwena?"

Bi Khamisa alimvuta mjukuu wake kifuani, na Lujain akahisi mabega ya bibi yake yakitikisika, taratibu, mpaka adhana ya alasiri ikasikika na wote wawili wakainuka kwenda kutia udhu.